Nimeoka Mwenyewe

Kuna maneno mawili mepesi ambayo kila mmoja wetu huyatamka mara nyingi bila kuyapima. Maneno hayo ni "nimefanya mwenyewe". Mtu huyasema akionyesha nyumba, shamba, kitambaa kilichotariziwa au chakula kilichopikwa. Aghalabu hatuyatilii shaka, kwa sababu huonekana ni taarifa tu, kama mtu anaposema kwamba mvua imenyesha. Nionavyo mimi, hayo si taarifa tu. Ni madai. Anayeyasema anadai sifa, na sifa ni mali kama zilivyo mali nyingine. Inaweza kupatikana kwa haki, na inaweza kuchukuliwa kwa mwenyewe huku kila mtu akicheka na kunywa chai.

Nataka kuyachunguza maneno hayo, na mfano nitakaoutumia ni mdogo sana. Huenda msomaji akauona haumfai mzee wa miaka zaidi ya sabini aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Ni vipande vya matunda vinavyookwa vikiwa na chenga juu yake. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni kitu ninachokijua kwa mikono yangu, maana tangu nistaafu nimekuwa nikivioka. Pili, maswali mazito ya maadili hupenda kukaa katika mambo madogo. Anayeyatafuta bungeni na mahakamani peke yake atayaacha mezani pake.

Kwa wasiovijua vipande hivyo, nieleze. Unachukua vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja na nusu cha oti, ile nafaka iliyopondwa bapa ambayo wengine huipikia uji, na sukari kikombe kasoro robo. Unaongeza chumvi kidogo na kijiko kimoja cha chai cha beking poda. Kisha unakatiakatia humo robo kilo ya siagi baridi, na kuifikicha kwa ncha za vidole mpaka mchanganyiko wote uwe chenga, kama chenga za mchele. Hapa ndipo penye kazi. Siagi lazima iwe baridi na vidole viende upesi, kwa sababu siagi ikiyeyuka unapata donge badala ya chenga. Na maji hayatiwi. Ngano ina protini ambayo ikikutana na maji na kukandwa hufanya gluteni, na hiyo gluteni ndiyo inayoifanya chapati ivutike. Katika chapati tunaitaka. Katika chenga hatuitaki, na mafuta ya siagi yanapouzunguka unga huizuia isifanyike.

Thuluthi mbili za chenga hizo unazishindilia chini ya chombo cha kuokea. Juu yake unaweka matunda yaliyokatwakatwa na kupikwa kwa sukari, maji ya limau, mdalasini na kijiko cha wanga wa mahindi mpaka yawe mazito. Thuluthi iliyobaki unainyunyiza juu. Wenye oveni huoka kwa nyuzi 180 kwa muda wa dakika 40 hivi. Mimi sina oveni. Natumia sufuria pana, makaa machache chini, na mengi nayapalia juu ya mfuniko, kama mama zetu walivyooka mikate. Mwisho kuna mtihani wa subira: lazima vipoe kabisa kabla ya kukatwa. Anayekata vikiwa vya moto hapati vipande, anapata uji.

Asili ya mapishi haya ni Uingereza. Husemwa kwamba yalienea wakati wa Vita Kuu ya Pili, siagi na sukari zilipowekwa kwenye mgao kuanzia Januari 1940. Mgao wa vyakula haukwisha kabisa mpaka mwaka 1954. Mama wa Kiingereza aliyekosa mafuta ya kutosha kufanya ganda la keki ya matufaa alinyunyiza chenga juu ya matunda, watoto wakala wakashiba. Kwetu sisi yalifika kwa njia ya vitabu vya Sayansi Kimu. Mimi niliyaona mara ya kwanza katika miaka ya 1970, kwa mkufunzi mmoja wa somo hilo, Mtanzania mwenzetu, ambaye hakuwa na matufaa akatumia maembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari ilipokuwa ya foleni na unga wa ngano ukitafutwa kwa udi na uvumba, hatukuyaona tena kwa muda mrefu. Hapa mkoani kwetu Tanga, matunda yake bora ni peasi zinazoshuka kutoka Lushoto. Hizo nazo si za asili yetu. Mbegu zake zililetwa na wageni walioupenda ubaridi wa milima ile.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Miaka michache iliyopita nilialikwa katika nyumba moja mjini kwetu, kumpongeza kijana aliyemaliza chuo kikuu. Tulipokwisha kula wali, zililetwa sinia mbili za vipande hivi, na mama mwenye nyumba akasimama akasema, "Jamani, karibuni. Hivi vyote nimeoka mwenyewe, tangu mwanzo. Sijanunua hata kimoja." Wakina mama wakapiga vigelegele. Nilionja, nikakuta ni vizuri kuliko vyangu. Kitako kilikuwa kikavu ingawa tunda lilikuwa na maji mengi; lilikuwa nanasi. Kwa kuwa hilo lilikuwa limenisumbua siku nyingi, nikamuuliza, "Mama, unafanyaje mpaka kitako kisilowe?"

Alifikiri kidogo, kisha akageuka akamwita dada wa kazi aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Binti alikuja akifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiki kitako kinakaukaje?"

"Nanasi nalipika kwanza mpaka maji yaishe, Babu. Halafu naliacha lipoe kabisa. Ukiliweka la moto, siagi ya chini inayeyuka, ndiyo maana linalowa. Na kitako nakioka peke yake kidogo kabla sijaweka tunda."

Alijibu bila kusita, kama mwanafunzi anayelijua somo lake. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama mbili za kuungua, zile wanazozipata watu wanaoinua mifuniko yenye makaa. Mama mwenye nyumba akasema, "Eeh, ndivyo ninavyofanya," na mazungumzo yakaendelea. Binti akarudi jikoni.

Nisimwonee mama yule. Hakuwa mtu mbaya. Kwa nijuavyo alimlipa binti wake kwa wakati, na watoto wake walimwamkia binti huyo kwa heshima kama dada yao. Unga, siagi na sukari vilinunuliwa kwa fedha yake. Mapishi aliyatafuta yeye. Pengine siku ya kwanza alisimama jikoni akaelekeza. Je, alisema uongo? Ukimuuliza, angeshangaa sana. Angesema kwamba hakununua dukani, kwamba vimeokwa nyumbani kwake, kwa hiyo amevioka yeye. Na hasemi peke yake. Karibu sote husema hivyo.

Hebu tuitazame lugha yetu. Mtu husema, "Nimejenga nyumba," na hajawahi kubeba tofali. Mwingine husema, "Mwaka huu nimelima ekari kumi," naye jembe halijui lilipo. Alikodi trekta na vibarua. Lakini jambo la ajabu ni hili: mtu huyohuyo akimlipia mtoto ada mpaka akamaliza shule, hasemi, "Nimesoma." Husema, "Nimesomesha." Kiswahili kinampa neno la haki kabisa. Ndani ya neno hilo wamo watu wawili, aliyesoma na aliyewezesha kusoma, na hakuna aliyemmeza mwenziwe. Mzazi anapata heshima yake na mtoto anabaki na elimu yake.

Neno la namna hiyo lipo pia kwa ujenzi, na mafundi hulitumia: kujengesha. Kwa nini basi tunasema nimesomesha lakini hatupendi kusema nimejengesha? Nimelifikiria hili kwa muda mrefu, na jibu ninaloliona si la kutufurahisha. Mtoto tunayemsomesha ni wetu, na tunataka ajulikane. Fundi si wetu, na akijulikana tunaona ametupunguzia. Sarufi ni ileile. Kilichobadilika ni mapenzi ya moyo.

Sisi walimu tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wengine, maana kazi yetu yote ni ya namna ya kusomesha. Tunaelimisha, tunafundisha, tunakumbusha. Mtihani anaufanya mwanafunzi, na akifaulu, aliyefaulu ni yeye. Mwalimu anayesema "nimefaulu" kwa mtihani wa mwanafunzi wake tutamcheka. Tunatosheka na kile kisilabi kidogo katikati ya neno, na miaka yote niliyofundisha sikuona kwamba kinatupunguzia heshima.

Kosa la kujitwalia kazi ya mwingine si la Waswahili peke yao, na lina wanafalsafa wake. Mwingereza John Locke, katika kitabu chake juu ya serikali kilichochapishwa mwaka 1689, alitoa hoja iliyopata umaarufu mkubwa. Alisema kwamba kila mtu anaumiliki mwili wake na kazi ya mikono yake. Kwa hiyo akichanganya kazi hiyo na kitu kilichoumbwa bure, kitu hicho kinakuwa mali yake. Hoja ni nzuri, na ukiisikia mara ya kwanza unaona imemtetea mnyonge. Lakini mahali hapohapo, Locke anapotaja mifano ya mali iliyopatikana kwa njia hiyo, anahesabu nyasi alizokula farasi wake na udongo wa nyasi aliouchimba mtumishi wake. Farasi na mtumishi wamewekwa pamoja, na kazi ya wote wawili imehesabiwa kuwa ya bwana. Yule aliyeanza kwa kusema mikono ya mtu ni ya mtu mwenyewe hakuiona mikono ya mtumishi aliyekuwa mbele yake. Kama mtu mwenye akili nyingi kiasi kile aliweza kupitwa na jambo hilo, basi sisi tunaokaribisha wageni tuna sababu ya kuwa waangalifu.

Yapo majibu matatu ambayo nimeyasikia kila nilipolizungumza jambo hili, na yote yanastahili kujibiwa.

Jibu la kwanza ni la mshahara. Husemwa, "Binti amelipwa, na aliyelipwa hadai." Ni kweli kwamba mshahara ni haki kubwa, na pasipo mshahara mazungumzo mengine yote ni porojo. Lakini tujiulize mshahara umenunua nini. Umenunua saa zake na nguvu zake. Haukununua ukweli wa nani alifanya. Mwalimu hulipwa na serikali, na bado akisikia mwingine akijitapa kwamba ndiye aliyelifundisha darasa lake, anaumia, na ana haki ya kuumia. Mshona nguo hulipwa, na bado mtu akikusifia nguo unamwelekeza kwa fundi. Mshahara hulipa jasho. Jina halimo katika mshahara.

Jibu la pili husema kwamba hakuna aliyeumia. Ni chakula tu, wageni wamefurahi, binti mwenyewe hakulalamika. Kwa hili sina haja ya nadharia, kwa sababu nililiona likitokea. Mwaka uliofuata familia ile ilihamia mji mwingine, na binti akabaki. Aliona kwamba ana ujuzi wa kumlisha, akaanza kuomba oda za kuoka kwa ajili ya harusi na vikao vya ukoo. Alikwenda kwa watu walewale waliokuwa wamekula mikono yake miaka mitatu. Wakamwambia, "Wewe si ulikuwa unaosha vyombo pale? Kuoka umejifunzia wapi?" Hawakumdhulumu kwa makusudi. Walisema walichokijua, na walichokijua ni kile walichoambiwa huku sinia zikipita: mama ameoka mwenyewe. Sifa zote za miaka mitatu zilikuwa zimewekwa katika akaunti ya mtu mwingine, na mtu huyo alipohama, alihama nazo.

Binti alikuja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemuuliza swali siku ile. Aliniomba barua. Katika utumishi wangu nimeandika barua nyingi za utambulisho, na kanuni yangu ni kwamba barua ya namna hiyo huandikwa kwa yale mwandishi anayoyajua, si kwa yale anayoyadhani. Nikamwomba aje aoke nyumbani kwetu, na mimi niwe msaidizi. Alifanya kazi asubuhi nzima. Nilijifunza kwamba chenga za juu hazinyunyizwi tu. Yeye hufinya konzi moja moja katika kiganja kisha huivunja, ili zipatikane kubwa na ndogo, na zile kubwa ndizo zinazolia mdomoni. Jioni nikaandika sentensi tatu: kwamba nimemwona akioka, kwamba kazi ni yake tangu kupima unga hadi kukata, na kwamba nimevila. Baadhi ya watu walimwagiza. Wengine hawakuisoma barua mpaka mwisho. Leo ana wateja, si wengi, lakini wanamjua kwa jina.

Kwa hiyo nasema kwamba jina ni riziki. Anayemnyima mtu jina la kazi yake amemnyima mlango wa kesho, hata kama leo amempa chakula na mahali pa kulala. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, unaozungumzia saa za kazi, mapumziko na ujira. Hayo ni mambo ya sheria na ni ya lazima. Lakini hakuna sheria inayoweza kuingia sebuleni na kumwambia mwenye nyumba amtaje aliyepika. Hapo pameachiwa dhamiri.

Jibu la tatu ndilo gumu, na ndilo lililonifanya nikae na suala hili muda mrefu. Husemwa hivi: "Tukianza kuwataja, tutaishia wapi? Binti aliufikicha unga, lakini unga aliusaga mwingine na ngano aliilima mwingine. Hata wewe unayefikicha mwenyewe huna unachoweza kusema umefanya tangu mwanzo." Ni kweli tupu. Mwanzo hauonekani. Nitazame sufuria yangu mwenyewe. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula nchini huletwa kwa meli kutoka nje. Ndiyo sababu vita vilipoanza Ukraine mwezi Februari 2022, bei ya unga ilipanda hata katika maduka ya mtaani kwetu. Na ngano ya nyumbani nayo ina historia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Canada, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano huko Basotu, wilayani Hanang, na Wabarabaig waliokuwa wakilisha ng'ombe katika tambarare zile walipoteza malisho yao. Walikwenda mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 wakashindwa katika Mahakama ya Rufani. Nilikuwa mwalimu wakati huo, na mikate ya chuoni tuliikata bila kujua kwamba kuna kesi ndani yake.

Sukari nayo ni hivyohivyo. Leo hutoka Kilombero, Mtibwa, Kagera au Arusha Chini, na hukatwa kwa panga na watu waliojaa masizi, kwa kuwa miwa huchomwa moto kwanza. Lakini hapa kwetu, katika karne ya 19, kandokando ya mto Pangani kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na mwaka 1873 watumwa hao waliasi. Utamu una wazee wake, na baadhi yao walikuwa katika minyororo.

Je, kwa kuwa deni halina mwisho, tuseme basi halipo? La hasha. Mtu mwenye madeni mengi hasemi kwamba kwa sababu hawezi kumlipa kila mtu, basi hatamlipa jirani yake. Mimi naona kuna deni la mbali na deni la karibu, na kila moja lina malipo yake. Deni la mbali ni kwa wale tusioweza kuwajua kwa majina: mkata miwa, mchungaji aliyepoteza malisho, baharia. Hao hatuwezi kuwataja mezani, lakini tunaweza kujifunza habari zao, kutotupa chakula walichokitolea jasho, na kuwa upande wa haki mambo yao yanapofika katika vikao na kura. Deni la karibu ni kwa yule ambaye hatua chache tu zinatutenganisha naye. Malipo yake ni rahisi mno, ni kusema jina lake mbele ya watu. Ugumu wa deni la kwanza hautupi ruhusa ya kulikataa la pili. Kinyume chake, asiyeweza kumtaja aliye mlangoni pa jiko, sijui kama kweli ataweza kumhurumia aliye Hanang.

Naona msomaji ataniuliza: kama hakuna afanyaye tangu mwanzo, kuna wema gani basi katika kuoka kwa mikono yako badala ya kununua? Kwanza niseme ambacho si wema. Si wema kumdharau anayenunua. Mama anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni na kupitia dukani kuchukua mkate hajapungukiwa na upendo kwa watoto wake. Na mama anayekaanga maandazi alfajiri ili auze hafanyi hivyo kwa ajili ya tafakuri, anatafuta ada. Mstaafu mwenye pensheni na asubuhi nzima ya kufikicha siagi ana bahati, na bahati isigeuzwe kuwa sifa ya tabia. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Vivyo hivyo mwenye nafasi asimhukumu asiye na nafasi.

Wema uliopo ni wa namna nyingine, na nauona ni ule uliokusudiwa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Kizazi changu kilisoma na kufundisha chini ya waraka ule. Kila shule ilikuwa na shamba. Katika shule nyingi shamba hilo liligeuka kuwa mahali pa adhabu: aliyechelewa akalime, aliyepiga kelele akachote maji. Kwa njia hiyo vijana walijifunza kinyume cha kilichokusudiwa, yaani kwamba kazi ya mikono ni malipo ya wakosaji. Na neno kujitegemea lenyewe wengi walilielewa kuwa ni kutomhitaji mtu. Mimi sidhani hivyo. Hata taifa zima halikuweza kutomhitaji mtu. Mashamba ya Basotu yalifunguliwa kwa msaada wa kigeni katika miaka ileile ya Azimio la Arusha.

Kujitegemea ninakokuelewa mimi ni kuijua gharama ya unachokitumia, kuijua kwa misuli wala si kwa hesabu peke yake. Kabla sijafikicha robo kilo ya siagi, chenga zilikuwa kwangu kitu kinacholetwa. Baada ya kufikicha, nikiumwa vifundo vya vidole usiku, nilijua kinacholetwa kinatoka wapi. Siku ile kwenye sherehe, swali langu juu ya kitako lisingenijia kama nisingekuwa nimewahi kutoa sufuria yenye kitako kilicholowa. Wageni wengine walikuwa na macho kama yangu, lakini hawakuwa na swali. Mikono yangu ndiyo iliyoniwezesha kuiona mikono ya binti. Hiyo, nionavyo, ndiyo faida ya kazi ya mikono kwa mtu ambaye halazimiki kuifanya: inampa macho ya kuwaona wanaolazimika.

Basi maneno "nimeoka mwenyewe" hayana budi kubadilika maana yake. Yakimaanisha "hakuna mwingine", ni uongo kwa kila mtu, hata kwa mimi mwenye masizi ya makaa usoni. Yakimaanisha "nimeweka mkono wangu, na ninawajua walioweka yao", ni kweli na ni fahari halali. Na yule ambaye hakuweka mkono, bali alitoa fedha na nafasi, naye asione aibu. Aseme ameokesha. Ni neno zuri. Kutoa fedha na nafasi ili mwingine aonyeshe ujuzi wake ni kazi yenye heshima, ndiyo kazi ambayo wazazi na walimu wameifanya siku zote.

Ndugu msomaji, utakapowakaribisha wageni, na sinia ikapita, na mtu akasema chakula ni kizuri, utakuwa na nafasi fupi sana ya kusema neno kabla mazungumzo hayajahamia kwingine. Litumie kumtaja mtu. Mwite atoke jikoni, na jina lake ulitaje lote, la kwake na la baba yake, kama unavyotaka lako litajwe. Wageni hawatakuheshimu pungufu kwa hilo, na watoto walioketi pale watakuwa wamefundishwa somo ambalo sisi katika vyuo vyetu, pamoja na mashamba yetu yote, hatukuweza kulifundisha vizuri.